Ushuhuda Si Ushahidi

Kwenye dirisha la chumba cha mashine cha Mjomba, kule Samuye, kuna chupa nyekundu ya plastiki yenye picha ya simba anayekimbia. Zamani ilikuwa na dawa ya injini. Siku hizi Mjomba anawekea misumari. Ni mwaka wa tatu sasa iko pale pale, na kila nikienda kumsalimia najifanya sijaiona.

Humu tumezoea kujadili riwaya na mashairi, kwa hiyo najua kuna msomaji anayejiuliza injini ya kusagia mahindi imeingiaje. Anivumilie kidogo. Swali langu ni la maneno, na ni la kimaadili: mtu akisema jambo analoliamini kwa moyo wote, kumbe si kweli, na mwenzake akaumia kwa kulifuata, je, ana hatia?

Msemaji mwenyewe ni mimi.

Samuye ni kata ya Shinyanga Vijijini, si mbali na mjini. Ni nchi ya dengu, mpunga, pamba na ng'ombe. Mjomba ana mashine ya kusaga ya dizeli, silinda moja, zile ambazo ukiwa mbali shambani unazisikia zikihesabu: tu, tu, tu, tu. Kina mama wanakuja na madebe kichwani, wanakaa kwenye kivuli, habari za kijiji zinasagwa pamoja na mahindi. Mashine ile imesomesha watoto wanne, mmoja wao mimi, ingawa si mtoto wake wa kumzaa.

Mnadani siku moja alikuja kijana na pikapu na spika mbili. Unazijua biashara za mnadani: huku mitumba, huku nyama choma, huku dawa ya panya, dawa ya mende, dawa ya meno, dawa ya kuongeza nguvu za kiume. Huyu alikuwa na dawa ya kuongeza nguvu za injini. Maneno yalikuwa yale yale, nguvu, kusafisha ndani, kurudisha ujana, ila mgonjwa ndo tofauti. Nafikiri nusu ya kazi yake ilikuwa imeshafanywa na lugha. Kitu kikiitwa kimiminika cha kemikali mtu atauliza kina nini ndani. Kikiitwa dawa, anauliza tu bei na namna ya kunywa.

Mezani alikuwa na mashine ndogo: gurudumu la chuma linalozungushwa na mota, na mkono wa chuma unaokandamiza kipande cha beringi juu ya gurudumu. Akatia oili ya kawaida, akakandamiza. Chuma kikalia hadi meno yakauma, mota ikazima. Akaongeza kizibo kimoja cha dawa yake, akakandamiza tena, akaning'iniza na vyuma vizito kwenye ule mkono. Gurudumu likaendelea kuzunguka kama halina habari. Watu wakapiga makofi. "Kwa macho yenu, wazee wangu! Sijawaambia mimi, mmeona wenyewe!" Akaendelea: inapunguza ulaji wa mafuta kwa theluthi, inaondoa moshi, makarasha yote ya machimbo ya Mwakitolyo na Nyarugusu yanaitumia, na oili uliyokuwa unabadili mara tatu sasa utabadili mara moja.

Nilinunua ya tangi, chupa ndogo. Nikatia kwenye pikipiki yangu. Wiki hiyo hiyo pikipiki ilikuwa imetoka kwa fundi: oili mpya, plagi mpya, chujio la hewa limesafishwa. Ikawa nyepesi, bwana, kama imeshushwa mzigo. Jumapili nikaenda kwa Mjomba, nikamwambia: "Mjomba, ile kitu ni ya kweli. Nimeijaribu mwenyewe."

Mnada uliofuata Mjomba akanunua ile kubwa, ya kutia kwenye oili. Hakununua kwa sababu ya gurudumu la mezani. Mkewe ndiye aliyeniambia baadaye: alinunua kwa sababu mwalimu kasema.

Angalia ushuhuda wangu ulivyotembea. Mimi nilijaribu dawa ya petroli, yeye akanunua ya oili. Mimi nilitia kwenye pikipiki, yeye akatia kwenye injini ya dizeli. Lakini chupa zote mbili zilikuwa na simba yule yule, na kwenye mashavu ya simba yule sasa kulikuwa na sura yangu.

Injini ilinoki msimu wa mavuno, wakati foleni ya madebe ni ndefu kuliko wakati wowote wa mwaka. Fundi alipofungua, oili ilitoka nzito na nyeusi kama lami, mingine ilikuwa imeganda chini. Beringi zimeliwa. Mjomba alikuwa ameacha kubadili oili, kwa kuwa alishaambiwa mara moja inatosha. Fundi akasema neno ambalo mpaka leo sijalisahau: "Hii dawa haijaua kitu. Kilichoua ni kile mlichoacha kufanya mkiitegemea." Kwa wiki nyingi kina mama walitembea kijiji cha pili kusaga. Mjomba aliuza ng'ombe wawili.

Hakunilaumu. "Ng'wanawane, ndo mambo ya mashine," akasema. Afadhali angenilaumu.

Sasa, mimi ni mwalimu wa Kiswahili, na nilipokuwa nikilichunguza kosa langu nilijikuta narudi kwenye maneno mawili ndugu: ushuhuda na ushahidi. Yote yametoka kwenye shina moja la Kiarabu, la mtu aliyekuwapo akaona. Lakini sisi tumeyapeleka sehemu mbili tofauti. Ushuhuda tumeupeleka kanisani na kwenye mikutano ya injili. Ushahidi tumeupeleka mahakamani. Mtu akitoa ushuhuda, anaitikiwa amina. Akitoa ushahidi, wakili anasimama: ulikuwa umbali gani? Kulikuwa na mwanga? Nani mwingine alikuwapo? Ushuhuda haukatizwi, na kuukatiza ni utovu wa adabu. Ushahidi usiokatizwa haujawa ushahidi bado.

Mimi nilitoa ushuhuda. Na ushuhuda wangu haukuwa wa uongo: nilitia dawa, pikipiki ikawa nyepesi. Vyote viwili vilitokea. Kosa liko kwenye kile kiungo kati yake, na hapo sarufi yetu inasaidia kuliko falsafa nyingi. Mambo yangu yote yalikuwa kwenye -li-: nilitia, ikawa. Dai lenyewe lakini linaishi kwenye -ngali-: kama nisingalitia, isingalikuwa nyepesi. Wanafunzi wangu wa kidato cha pili wanajua kwamba hizo ni sentensi mbili tofauti. Mimi niliyewafundisha nilisimama mbele ya Mjomba nikaitoa ya kwanza kama vile ni ya pili. Nilikuwa na plagi mpya, chujio safi, oili mpya, na hamu kubwa ya kuona elfu zangu hazijapotea. Ningewezaje kujua ni kipi kilichofanya kazi?

Na lile gurudumu la mnadani? Macho yetu hayakudanganywa. Yalijibiwa swali jingine tu. Pale mezani chuma kinakandamizwa juu ya chuma katika sehemu ndogo mno. Kwenye injini nzima, beringi za kranki zinaelea juu ya utando wa oili inayosukumwa na pampu, hazikwaruzani hivyo. Kuna kemikali, kwa mfano zenye klorini, ambazo zinang'ara sana kwenye jaribio la mezani, na baadhi yake zikikaa ndani ya injini zinaweza kuleta kutu. Watu wameshaweka hata shampuu ya nywele kwenye mashine za namna hiyo, na gurudumu likazunguka vizuri tu. Hakuna anayetia shampuu kwenye injini yake kwa sababu hiyo.

Baada ya yale ya Mjomba nilifanya nilichopaswa kufanya kabla. Nilikuwa bado na chupa mbili za ile ya tangi. Nikawaomba vijana wawili wa bodaboda, pikipiki zao aina moja, tukaanza kuandika: lita zilizoingia, kilomita zilizotembewa. Kila Jumatatu alfajiri nilikuwa natia kitu kwenye tangi kwa kutumia kichupa kile kile. Wiki nyingine dawa, wiki nyingine petroli tupu kwa kipimo hicho hicho. Wao hawakuambiwa. Wiki ya tatu mmoja alinifuata akicheka: "Mwalimu, wiki hii ndo umetia, naisikia kabisa, inachomoka!" Nikaangalia daftari. Wiki hiyo alikuwa na petroli tupu. Mwisho wa wiki sita, tofauti kati ya dereva na dereva ilikuwa kubwa kuliko tofauti kati ya dawa na bila dawa. Anayepanda taratibu alitumia mafuta kidogo wiki zote. Pikipiki mbili na wiki sita ni jaribio dogo, silileti hapa kama hukumu ya chupa zote duniani. Lakini lilinigharimu daftari moja na kuamka mapema, na kabla sijafungua mdomo kwa Mjomba sikuwa nimelipa hata hilo.

Kuna methali tunayoipenda: chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Maana yake ukitaka kujua ubora wa kitu, angalia soko. Methali hii ilishawahi kugombewa na serikali ya Marekani, ingawa wao hawakuijua. Mwishoni mwa miaka ya 1940, kule Oakland, California, mtu mmoja aitwaye Jess Ritchie alianza kuuza unga wa kutia kwenye betri za magari, jina lake AD-X2. Ulisemwa unafufua betri zilizokufa. Kimsingi ulikuwa chumvi mbili za kawaida, salfeti ya sodiamu na ya magnesiamu. Ofisi ya taifa ya viwango, tuseme TBS yao, iliupima: betri zilizotiwa na zisizotiwa, bega kwa bega. Zikatoka sawa. Lakini Ritchie alikuwa na kitu ambacho maabara haikuwa nacho, yaani barua za wateja walioridhika. Nyingi. Wateja wakawaandikia maseneta, maseneta wakauliza kwa nini wasomi wanamwonea mfanyabiashara mdogo.

Mwaka 1953 waziri mpya wa biashara, Sinclair Weeks, alimlazimisha mkurugenzi wa ofisi ile, Allen Astin, ajiuzulu. Hoja yake ilikuwa kwamba ofisi haikuzingatia vya kutosha hukumu ya soko. Kama wateja wameridhika, wewe na vipimo vyako ni nani? Wanasayansi wakaja juu, wengi wakatishia kuacha kazi. Astin akarudishwa mwaka huo huo, na kamati ya Chuo cha Taifa cha Sayansi ikapitia kila kitu ikasema ofisi ilikuwa sahihi, unga ule haukuwa na kazi. Aliendelea kuwa mkurugenzi hadi 1969.

Ninachokipenda katika kisa hicho ni kwamba wale wateja hawakuwa wapumbavu, na si lazima walihongwa. Wengi walitoa ushuhuda wa kweli kama wangu: nilitia, ikawaka. Rundo la shuhuda kama hizo, hata liwe refu hadi dari, haligeuki kuwa ushahidi kwa urefu wake, kwa sababu kila barua ina pengo lile lile. Ni kama kuongeza maji kwenye uji ukidhani utakuwa mzito. Na soko halihukumu kama kitu kinafanya kazi, linahukumu kama kinanunulika. Marekani hiyo hiyo iliendelea kupambana na chupa za namna hii kwa miaka mingi. Tume yake ya biashara iliiwekea kampuni ya STP amri mwaka 1976 kuhusu madai ya dawa zake za oili, na mwaka 1995 kampuni hiyo ikalipa dola 888,000 kwa kesi ya kuivunja amri ile ile. Kibaya kinaweza kujitembeza na pia kujiuza, tena kwa bei nzuri.

Hapa mtu wa gereji atanikatiza, na ana haki: mwalimu, oili yenyewe si imejaa dawa? Ndiyo. Oili ya injini ni oili ya msingi iliyochanganywa na viongezeo, mara nyingi sehemu ya kumi na zaidi: vya kusafisha, vya kushika masizi yasigande, vya zinki na fosforasi vya kulinda chuma. Tofauti ni kwamba zile herufi za daraja la API kwenye galoni la oili halali zinamaanisha mchanganyiko ule uliendeshwa kwenye injini kwa saa zilizopangwa, injini zikafunguliwa, zikapimwa. Wakili ameshauliza maswali yake. Na viongezeo hivyo vinachoka, masizi na asidi vinajaa. Ndiyo maana oili inabadilishwa. Hakuna chupa itakayoyatoa masizi yaliyomo kwenye oili ya mwezi wa tano.

Kwa hiyo simpingi mtu kutia kitu kwenye mafuta. Kiongezeo ninachokiheshimu kuliko vyote hapa nchini hakiongezi hata punje ya nguvu: vinasaba. Kuanzia mwaka 2010 EWURA ilianzisha utaratibu wa kuweka vinasaba kwenye mafuta yanayouzwa nchini, ili mkaguzi akichota kituoni ajue kama yamechanganywa na mafuta ya taa, au kama ni yale ya kwenda nchi jirani yaliyokwepa kodi. Kazi yake pekee ni kuyafanya mafuta yaweze kuhojiwa.

Na tukifika hapo kwenye mafuta ya taa, tunafika kwenye sababu halisi ya watu wa kwetu kununua zile chupa. Ni rahisi mtu wa mjini kusema wanakijiji hawakusoma. Si kweli. Mtu anayenunua dizeli kwa dumu na petroli kwa chupa ya maji kando ya barabara amejifunza kwa uchungu kwamba mafuta yanaweza kuwa yamechakachuliwa. Injini ikikohoa, hajui alaumu nani. Dawa inampa kitu cha kufanya kwa mikono yake mwenyewe. Uchakachuaji ulipozidi, bajeti ya 2011/12 ilipandisha ushuru wa mafuta ya taa kutoka shilingi 52 hadi shilingi 400.30 kwa lita, ili isiwe na faida tena kuyachanganya kwenye dizeli. Hesabu ilikuwa na mantiki. Lakini bibi wa Samuye mwenye koroboi moja, ambaye hajawahi kumiliki hata baiskeli, alianza kulipia udanganyifu wa watu wenye malori. Uaminifu ukiharibika, bili yake haiendi kwa aliyeuharibu.

Niliwahi kusoma insha ya Mwingereza W. K. Clifford ya mwaka 1877 kuhusu maadili ya kuamini. Anatoa mfano wa mwenye meli. Meli imezeeka, ana wasiwasi nayo, lakini anajituliza: imeshasafiri mara nyingi, Mungu atawalinda abiria. Mwishowe anaamini kweli kwamba ni nzima. Inazama na watu. Clifford anasema ana hatia ya vifo vile, na ukweli wa imani yake haumwokoi, kwa sababu hakuwa na haki ya kuiamini. Aliipata kwa kuuzima wasiwasi wake, wala si kwa kuikagua meli. Halafu anaongeza jambo gumu zaidi: hata kama meli ingefika salama, hatia ingekuwa ile ile. Asingekuwa na usafi, angekuwa na bahati tu.

Mara ya kwanza niliposoma hapo niliona anazidisha. Baada ya Mjomba nikaona ananisema mimi. Hata kama injini isingenoki, neno langu lingekuwa deni lile lile.

Mmarekani William James alimjibu mwaka 1896 kwamba kuna maamuzi makubwa maishani yasiyosubiri ushahidi, na hapo mtu ana haki ya kufuata moyo wake. Nakubali. Ukisubiri ushahidi wa kutosha hutaoa. Lakini alikuwa anazungumzia mambo ambayo vipimo haviwezi kuyaamua, na ulaji wa petroli si mojawapo. Unapimwa kwa kidumu na daftari. Kutumia lugha ya imani mahali panapohitaji kidumu ni uvivu uliovaa kanzu.

Kuna atakayesema: ah, mwalimu, ni chupa tu ya injini, imani ndogo kama hiyo inamdhuru nani? Mtu wa Shinyanga hana ruhusa ya kuuliza hivyo. Huku kwetu Usukumani vikongwe wameuawa kwa kuwa na macho mekundu. Wekundu ule umetokana na miaka mingi ya moshi, ya kupikia kuni na mavi makavu ya ng'ombe. Kila hatua ya safari ile ilikuwa na ushuhuda: mtoto aliugua, bibi alipita, mganga amesema. Nilitia, ikawa. Tunao hata msemo wa kuipa safari hiyo baraka: lisemwalo lipo, na kama halipo laja. Watu wenye ualbino nao waliwindwa kwa habari za namna hiyo hiyo, na baadhi ya habari hizo zilipita kwenye machimbo, mahali ambapo kila duara ni bahati nasibu na kila anayepata dhahabu ana hadithi ya alichofanya usiku wake. Mwanzoni mwa 2015 serikali ilitangaza kupiga marufuku waganga wapiga ramli. Unaweza kumpiga marufuku mganga. Kile kichwa kinachomwitikia amina kinabaki nyumbani.

Silinganishi chupa ya simba na damu ya watu. Nasema msuli ni mmoja, na tunaufanyia mazoezi mnadani kwenye vitu vidogo.

Nakumbuka pia mwaka 2011, nchi nzima ilipokwenda Samunge, Loliondo, kunywa kikombe cha mchungaji mstaafu Ambilikile Mwasapile. Shilingi 500 tu, foleni ya magari kilomita kwa kilomita. Simwiti tapeli, bei yenyewe haikuwa ya tapeli. Lakini wapo waliorudi wameponywa kwa ushuhuda, wakaacha dawa za hospitali, huku wataalamu wa afya wakiwasihi wasiache. Yale maneno ya fundi wa Mjomba yanafaa hapo vilevile: mara nyingi kinachoua ni kile unachoacha kufanya kwa sababu ya kikombe.

Mwezi uliopita nilienda Samuye, na safari hii sikujifanya kipofu. Tulikuwa tumekaa nje jioni, tunakula michembe, nikamwambia: "Mjomba, ile dawa niliisifu kwako bila kujua ninachosema. Nisamehe."

Alicheka mpaka akakohoa. "Kwani mimi sikujua kwamba hujui? Wewe ni mwalimu wa Kiswahili, si fundi. Nilikuwa nataka mtu aniambie ndiyo. Ukatokea wewe."

Sikuwa nimelifikiria hilo. Nilikuwa nimejibebesha hatia yote kana kwamba yeye ni mtoto, na huo nao ni aina ya dharau. Aliutafuta ushuhuda, akamchagua shahidi ambaye hatamkatalia. Lakini hilo halinifutii deni langu. Linanionyesha tu kwamba anayekuja kutuuliza ushauri mara nyingi anakuja na jibu mfukoni, na kazi yetu siku hiyo ni kulikatiza, hata kama tunampenda. Hasa kama tunampenda.

Nikaomba niondoke na ile chupa. Akakataa. "Misumari yangu nitaiweka wapi?"

Kesho yake asubuhi, mashine ikiwa inahesabu, kijana wa bodaboda aliingia akaiona pale dirishani. Akauliza: "Mzee, hii kitu inafanya kazi?" Nilinyamaza nisikie. Nilidhani Mjomba atasema ni sumu, iliniua injini, na kusema kweli nilitaka aseme hivyo.

Mjomba aliangalia chupa, akafikiri. "Niliitia," akasema. "Oili sikubadili. Injini ikafa. Sasa kilichoiua ni dawa au ni mimi, hapo mwanangu sijui. Ila tangu hapo oili nabadili kwa wakati, na inasaga."

Kijana akatikisa kichwa, akatoka. Sijui kama alinunua.